Namba Iliyomshinda Bingwa

Katika jaribio la hesabu la muhula uliopita niliandika kanuni moja, nikaijaribu kwa mifano minne, kisha nikamalizia kwa neno hili: "Imethibitika." Mwalimu alilipiga mstari mwekundu, akaninyima alama zote sita. Nilinung'unika sana. Yeye hakubishana nami, ila alinipa namba moja niende nayo kwenye masomo ya usiku, nikaone kama ni tasa: 4,294,967,297.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 13. Nayo namba yangu ina ukoo wake. Twaa 2, ongeza 1, wapata 3. Zidisha 2 kwa 2 ni 4; ongeza 1, wapata 5. Zidisha 4 kwa 4 ni 16. Ongeza 1, wapata 17. Ukiendelea hivyo wapata 257, kisha 65,537. Zote tano ni tasa.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, hakimu wa Ufaransa aliyekuwa bingwa wa hesabu, aliamini kuwa ukoo huu wote ni tasa, hata uende mbali namna gani, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho. Ya sita ndiyo hiyo namba yangu. Ukitaka kuipima kwa nguvu tu, huenda ukalazimika kuigawanya kwa namba tasa zipatazo hadi 6,542, moja baada ya moja. Nani atamaliza?

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekaa Urusi, kijana wa miaka 25, alionyesha kuwa inagawanyika. Baadaye akaeleza njia ya mkato: kigawanyo cho chote kilicho tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi za kujaribu kwanza ni 193, 257, 449, 577 na 641.

Nilishika kalamu. Kwa 193 ilibaki 109. Kwa 257 ilibaki 2. Kwa 449 ilibaki 325. Kwa 577 ilibaki 288. Kengele ya kulala ilikuwa karibu kulia nilipoigawanya kwa 641, na safari hii haikubaki kitu! Jibu ni 6,700,417. Zidisha mwenyewe uone.

Hadi leo haijapatikana namba tasa nyingine katika ukoo ule zaidi ya zile tano za kwanza. Fermat aliona mifano mitano, nayo haikumtosha. Mimi nilikuwa na minne! Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Nami naongeza: wala usisafirie mifano michache.

Alama zangu sita sikurudishiwa, na sizidai tena.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne