Majina ya Ajabu katika Vita vya Ruvuma
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Lakini msomaji akizipekua habari za Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ataona kwamba jina laweza pia kumdhihaki mwenyewe. Sisi wa Msimbati habari hizo zatuhusu, maana vita vilipita jirani yetu. Kionga, iliyo kusini ya mlango wa Ruvuma, ilikuwa ya Wajerumani mpaka Wareno walipoitwaa mwezi wa Aprili 1916.

Kwanza yafaa tufahamu kwamba Mzungu hurithi jina la ukoo. Majina mengi ya namna hiyo yalitokana na kazi, mahali au sura ya babu wa kale. Mjukuu hulichukua hata kama halimfai.

Tuanze na Jenerali Ferreira Gil wa Wareno. Ferreira ni jina litokalo kwenye chuma na mahali pa kukifulia. Mwezi wa Septemba 1916 aliwavusha askari wake Ruvuma, wakafika mpaka Newala. Chuma hicho hakikudumu. Kabla ya mwaka kwisha walifukuzwa, wakarudi ng'ambo.

Yuko pia Meja Teixeira Pinto. Kwa Kireno pinto ni kifaranga cha kuku! Lakini kifaranga huyu alikuwa mkali. Huko Guinea alikopigana zamani alipata jina la Kapteni Ibilisi. Aliuawa Ngomano, penye makutano ya Ruvuma na Lugenda, tarehe 25 Novemba 1917, siku Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walipovuka na kuiteka kambi yake pamoja na bunduki na risasi.

Kwa upande wa Wajerumani alikuwako Meja Kraut. Neno hilo ni majani ya mimea, na wengi hulitumia kwa kabichi. Baadaye askari wa Kiingereza na wa Kimarekani waliwaita Wajerumani wote hivyo kwa utani.

Lakini jina lililonishangaza zaidi ni la Kapteni Tafel. Kwa Kijerumani ni ubao wa darasani, na tena ni meza iliyoandaliwa karamu. Kapteni huyu alitoka Mahenge na askari zaidi ya 1,000 na wapagazi wengi, akimtafuta mkuu wake. Alipokaribia Ruvuma chakula kilikuwa kimekwisha. Tarehe 28 Novemba 1917 akasalimu amri, asijue kwamba mkuu wake alikuwa amevuka mto siku tatu tu kabla. Bwana Karamu alishindwa kwa njaa.

Wazee wetu hawakungoja majina ya ukoo. Waliwapa Wazungu majina kwa vitendo vyao. Zelewski aliitwa Nyundo, na nyundo hiyo ikavunjwa na mikuki ya Wahehe huko Lugalo mwaka 1891. Tom von Prince aliitwa Sakarani, yaani mlevi, kwa jinsi alivyolewa vita. Alikufa Tanga, Novemba 1914.

Sasa, ndugu msomaji, tutazame upande wa pili. Majina haya ya wakubwa twaweza kuyacheka kwa sababu yaliandikwa. Je, aliyewabebea masanduku ya risasi na magunia ya unga? Kwetu mtu hufuatisha jina la baba yake, kwa hiyo akina Juma bin Ali walikuwa wengi mno, na karani alimtambua mpagazi kwa namba. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Kumbukumbu yao kubwa ni mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambao jina lake latokana na kikosi cha wapagazi.

Basi tutakapokwenda likizo, kila mmoja awaulize wazee wa kwao: nani alichukuliwa mpagazi, na nani hakurudi? Tuyaandike majina hayo katika daftari, yawe ya kuchekesha au ya kawaida. Kifaranga ameandikwa, na babu zetu waandikwe.