Chupa ya mwendesha baiskeli isifike kinywani mwa mtoto

Mzazi, mbio za baiskeli zikipita mtaani kwenu, watoto hukimbilia chupa zinazotupwa na waendeshaji. Usimwache mwanao anywe kilichobaki. Chupa hiyo imetoka kinywani mwa mtu na kugaragara barabarani. Ioshe kwanza kwa maji na sabuni. Vipakiti vya jeli navyo asivilambe, kwani baadhi vina kafeini.

Zilizobaki mtaroni ziokoteni siku hiyohiyo. Chupa isiyo na kifuniko ikishika maji ya mvua, mbu wanaoeneza homa ya dengue hutaga humo, na baada ya siku 7 hadi 10 mbu wapya huruka.

Tangu 2021, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, huwaadhibu waendeshaji wanaotupa taka nje ya maeneo maalumu. Waulizeni waandaaji wa mbio zenu: maeneo hayo yako wapi?