TUANDAE DAFTARI LA SAFARI KABLA YA KWENDA NANENANE



Hapa Ipyana tulimtembelea bibi mmoja nyumbani kwake. Alitutolea picha iliyofungwa katika kitambaa. Ndani ya picha wamo vijana 4. Wamesimama mbele ya banda la maonyesho, wamevaa mashati meupe. Mjukuu wake akauliza, "Bibi, babu ni yupi?"

Bibi aliitazama picha kwa muda mrefu. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Mwishowe akasema, "Ni mmoja wa hawa."

Tuligeuza picha. Nyuma hakuna jina wala mwaka. Aliyewajua wote wanne ni babu mwenyewe, naye amekwisha fariki. Basi mjukuu anayo picha ya babu yake, lakini babu hamjui.

Jambo hili lilitusikitisha. Tukasema, hebu tuwaandikie wenzetu, kwa sababu safari nyingine iko mbele yetu.

Safari gani?

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, kuna maonyesho ya wakulima katika uwanja wa John Mwakangale, Mbeya. Mpunga umekwisha vunwa. Jamaa wengi hupanda basi hapa Kyela, wakapita Tukuyu na Uyole hadi uwanjani. Watoto wanataka kuona ng'ombe wakubwa, matrekta na bembea. Wazazi wanataka kuona mbegu na mashine.

Mambo makubwa pia hutokea huko. Tarehe 8 Agosti 2022 sherehe za kitaifa zilifanyika katika uwanja huo. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Watu wengi walikuwepo. Je, ni wangapi waliandika kwamba walikuwepo, na walikwenda na nani?

Kwa nini tujiandae mapema?

Wengi husema, "Tukirudi tutaandika." Lakini tukirudi tumechoka. Mtoto amelala begani, nauli imekwisha, na kesho kuna kazi shambani. Baada ya wiki moja tumesahau nusu. Baada ya mwaka tunabishana. Kwa hiyo daftari liandaliwe kabla ya safari.

Haya ndiyo mambo ya kufanya:

1. Nunueni daftari moja lenye jalada gumu, na kalamu mbili. Kalamu moja ikigoma, ya pili ipo.

2. Juu ya ukurasa wa kwanza andikeni: Safari yetu ya Nanenane, tarehe, mwezi na mwaka. Chini yake andikeni majina ya wote wanaokwenda, na umri wa kila mtoto.

3. Acheni kurasa tupu. Ukurasa wa njiani, ukurasa wa wanyama, ukurasa wa kilimo, ukurasa wa matumizi ya fedha. Ukurasa tupu wenye kichwa cha habari unamkumbusha mtu kuandika.

4. Gawaneni kazi. Baba atunze tiketi za basi. Mama aandike mafunzo ya kilimo. Mtoto aliye shuleni achore mnyama aliyempendeza. Kama bibi yupo nyumbani na hasafiri, aulizwe kabla: "Bibi, ulipokwenda Mbeya mara ya kwanza, mlisafiri namna gani?" Maneno yake yaandikwe katika ukurasa wake mwenyewe.

5. Chukueni bahasha moja ya kuweka karatasi ndogo ndogo: tiketi, vipeperushi vya mabanda, karatasi ya mbegu. Msisahau masweta pia. Agosti Mbeya kuna baridi, si kama huku kwetu ziwani.

Picha ziwe na maneno

Siku hizi wengi tuna simu, na simu inapiga picha. Lakini simu hutumbukia mtoni, huibiwa, huharibika. Simu ikifa, picha zote zimekufa nayo. Basi chagueni picha 3 au 4 tu, mkazisafishe kwa mpiga picha mjini.

Zibandikeni katika daftari. Chini ya kila picha andikeni majina kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali na tarehe. Msiandike nyuma ya picha kwa kukandamiza kalamu, maana alama hutokea mbele. Tumieni gundi ya dukani. Uji wa unga wa muhogo unashika vizuri, lakini mende wanaupenda.

Daftari ni shamba pia

Kumbukumbu si picha tu. Tuchukue mfano wa kakao, zao letu. Mtaalamu katika banda anaeleza kwamba mbegu za kakao zivundikwe siku 5 hadi 7, zikiwa zimefunikwa vizuri na kugeuzwa, ndipo zianikwe. Mama anasikia, anafurahi. Akifika nyumbani anajiuliza: alisema siku 2 au siku 7? Akikosea, kakao yake haitakuwa na harufu nzuri, na bei itashuka. Aliyeandika hana shida. Anafungua ukurasa wa kilimo na kusoma.

Mahali pa kulitunza

Sisi wa Kyela tunajua mvua zetu. Kuanzia Machi hadi Mei mito hufurika, na maji huingia hata ndani ya nyumba. Karatasi ikilowa huota ukungu. Kwa hiyo daftari liwekwe katika mfuko wa nailoni usiotoboka, kisha ndani ya sanduku, juu, mbali na sakafu na mchwa. Jua likiwaka, litolewe lipate hewa kivulini.

Ndugu wasomaji, tulijifunza kusoma na kuandika ili tusitegemee mtu mwingine atusomee barua. Basi tusitegemee pia kichwa cha mtu mmoja kitutunzie habari za nyumba nzima. Kichwa hicho kikienda, habari zimekwenda.

Tulimshauri yule bibi awaulize wazee wenzake wa rika la mumewe, kabla nao hawajaondoka. Labda mmoja atamwonyesha babu kwa kidole. Siku hiyo mjukuu achukue kalamu.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mjukuu hakumjua babu yake katika picha?
2. Katika nyumba yako, ni picha ngapi hazina majina? Nani bado anawajua waliomo?
3. Andika kichwa cha ukurasa wa kwanza wa daftari lako la safari.