Taa ya ABS kwenye pikipiki iliyotumika ni onyo, si pambo

ANAYETEREMKA kwa pikipiki kutoka Shighatini, katika Milima ya Upare Kaskazini wilayani Mwanga, kwenda tambarare inakopita barabara kuu ya Same hadi Moshi, hutegemea breki kwa muda mrefu. Kwa aliyenunua pikipiki iliyotumika yenye mfumo wa ABS, mteremko kama huo ni mahali pabaya pa kugundua kuwa mfumo huo ni mbovu.

Kazi ya ABS ni kuzuia tairi lisijifunge breki inapokamatwa kwa nguvu. Sensa iliyo karibu na gurudumu husoma mzunguko wa pete yenye meno. Gurudumu likielekea kusimama ghafla, kompyuta ndogo huamuru shinikizo la mafuta ya breki lipunguzwe na kurudishwa mara kadhaa kwa sekunde.

Teknolojia hiyo ilianza kuuzwa katika pikipiki ya BMW K100 mwaka 1988. Nchini India, zinakotengenezwa pikipiki nyingi zinazotumika Tanzania, tangu Aprili 2019 pikipiki mpya zenye injini inayozidi cc 125 hulazimika kuwa nayo. Hata hivyo, sharti hilo ni la soko la India, na bodaboda nyingi nchini hazina mfumo huo.

Mnunuzi anapaswa kuanza na taa ya ABS. Ufunguo ukiwashwa, taa hiyo huwaka, kisha huzimika pikipiki inapoanza kutembea. Isipozimika, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua au imeondolewa kwa makusudi ili kuficha ubovu.

Mara nyingi chanzo huwa kidogo: sensa iliyojaa tope, waya uliokatika, pete iliyopinda, fyuzi iliyoungua au betri dhaifu. Gharama hupanda pale mafuta ya breki yaliyozeeka yanaposababisha kutu ndani ya kifaa kinachoongoza shinikizo.

Mafuta hayo hunyonya unyevu, hivyo watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Yakichakaa, huchemka upesi kwenye mteremko mrefu na kutoa mapovu, mkono wa breki ukabaki laini bila nguvu. Aina inayotakiwa huandikwa kwenye kifuniko cha chombo chake. Aidha, baadhi ya pikipiki huhitaji kifaa maalumu cha kutolea hewa baada ya matengenezo, hivyo fundi aulizwe mapema kama anacho.

ABS inapokufa, katika pikipiki nyingi breki za kawaida huendelea kufanya kazi. Hatari ni kwa dereva aliyezoea kubana kwa nguvu akitarajia kompyuta imwokoe, kwani tairi la mbele likijifunga huweza kumwangusha pamoja na abiria wake.

Hadi itakapotengenezwa, dereva apunguze mwendo, ateremke kwa gia ndogo ili injini isaidie kuzuia, na akamate breki zote mbili taratibu. Hata ABS ikiwa nzima, kwenye changarawe pikipiki huweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Anayenunua na ajaribu breki uwanjani, mahali tambarare, kabla ya kulipa.