Tangazo likufuate wewe: kujiandikisha kwa mlisho wa tovuti



Musimu mmoja, ushirika wa upande wa Kabambare ulikosa mbegu za mpunga kwa siku mbili tu. Shirika moja lilikuwa limesema litaweka tangazo kwenye tovuti yake. Sekretere akapanda pikipiki mara tatu kufuata rezo, akanunua mega, akafungua ukurasa: hakuna kitu. Mara ya nne tangazo liko pale, lakini tarehe ya mwisho ilikuwa imepita juzi yake. Na sisi ndio tuliokuwa tumemwambia "uwe unaangalia-angalia". Kosa hilo tuko na sehemu yetu ndani, sababu njia nyingine ilikuwapo na hatukumwonyesha.

Njia hiyo ni mlisho. Fikirini depo kubwa yenye daftari mlangoni. Kila mzigo ukiingia, karani anaandika juu kabisa: nini kimefika, tarehe gani, kiko chumba gani. Wewe huna lazima ya kuzunguka depo nzima. Unatuma mtoto anasoma mustari wa kwanza anarudi. Tovuti nyingi ziko na daftari kama hilo. Ni faili ndogo yenye vichwa vya habari, tarehe, maneno machache na anwani ya habari yenyewe. Yule mtoto ni programu ndani ya telefone yako. Ikipata rezo, inapita kwenye kila daftari ulilolichagua na kukuletea yaliyo mapya tu. Na kwa kuwa inaleta hasa maandishi, inakula mega kidogo kuliko kufungua ukurasa mzima na picha zake.

Kwenye tovuti za Kifaransa mutaona maneno "Flux RSS", ao alama ya rangi ya chungwa: nukta moja na mistari miwili iliyopinda kama mawimbi ya radio. Zingine haziionyeshi, lakini mlisho upo.

Kwa telefone ya Android sisi tunatumia programu inayoitwa Feeder, ni ya bure. Unaifungua, unabonyeza alama ya kuongeza, unaandika anwani ya tovuti, na yenyewe inatafuta mlisho. Ukiupata, kubali. Halafu ingia kwenye mipangilio: uiambie ipakue mara ngapi, na kama utaki ile mega zako, uiambie ingoje Wi-Fi. Kuna pia pahali pa kuomba ipakue habari nzima. Fanyeni hivyo kwa milisho miwili mitatu ya lazima, ili siku ya kufika mjini telefone ijae, na mukirudi kijijini musome bila rezo. Ofisi yenye kompyuta inaweza kutumia Thunderbird, kazi ni ile ile.

Kujiandikisha huku hakuombi jina lako, wala namba, wala franga. Mutu akiwaambia mulipe ili awafungulie mlisho, ni mwizi. Ukichoka nao unaufuta, imeisha.

Mbona tusitumie Facebook tu? Facebook inachagua yenyewe nini ikuonyeshe, na tangazo la mbegu linaweza kuzama chini ya picha za harusi. Mlisho hauchagui kwa niaba yako. Unaleta yale tovuti ile imeweka ndani yake, na kwa kawaida kila moja iko na tarehe yake.

Tuanze na wapi? ReliefWeb, tovuti ya OCHA ya Umoja wa Mataifa, iko na milisho ya ripoti, ya kazi na ya mafunzo, na unaweza kuchagua ya Kongo peke yake. Lakini tuseme ukweli: mengi yako kwa Kifaransa na Kiingereza, na mengi yanahusu Kivu na Ituri. Maniema inatajwa kwa nadra. Hata hivyo onyo la ugonjwa wa mimea ao wadudu ni afazali lifike mapema. Kiwavi jeshi wa mahindi, aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, anauawa kwa urahisi akingali mudogo. Akisha kuingia ndani ya moyo wa muhindi, dawa haimufikii vizuri. Ongezeni tovuti za mashirika yanayofanya kazi na ushirika wenu. Bei ya mpunga wa leo Salamabila, hiyo bado mutaipata kwa kumupigia ndugu aliye pale.

Jambo moja la mwisho kwa komite. Mwaka 2013 Google ilifunga Google Reader, programu yake ya kusoma milisho, na watu wengi wakazani milisho imekufa. Haikufa; msomaji tu ndiye aliyeondoka. Kwa hiyo anwani za milisho yenu ziandikwe kwenye daftari la ushirika, zisibaki ndani ya telefone ya sekretere peke yake. Telefone inaanguka mutoni, na sekretere anaoa anahamia Kindu. Vichwa vyenye tarehe ya mwisho viandikwe kwa chaki kwenye ubao wa depo siku ile ile, tarehe kwanza, na visomwe kwa sauti asubuhi kabla ya wamama kwenda shambani.