Tairi la Mbele Kwanza: Kununua Matairi ya Pikipiki kwa Nchi ya Baridi na Mvua

Dereva wa bodaboda anayeingia dukani Njombe kununua tairi, mara nyingi anakuja kununua la nyuma. Swali lake la kwanza ni bei, la pili ni litakaa muda gani. Muuzaji naye analijua jibu linalouza: "Hili bosi, utalichoka wewe." Kwa dereva wa Dodoma au Shinyanga, ambako jua halina mzaha, mazungumzo hayo karibu yanatosha. Kwa Njombe, Makete, Mbeya na Tukuyu hayatoshi. Tairi linalokaa sana mara nyingi ni lile lenye mpira mgumu, na mpira mgumu ndio unaoteleza kwenye lami baridi iliyoloa.

Ushauri wa makala hii nautanguliza, ili asiye na muda aondoke nao: kama pesa haitoshi kununua matairi mawili mazuri, zuri liende mbele. La nyuma linaweza kuwa la kawaida, mradi lina kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka usoni mwa tairi, za kutosha. Sababu na hesabu zake ni hizi.

Baridi na maji hufanya nini

Mpira wa tairi hushika barabara kwa ulaini wake. Unabonyea, unaingia kwenye vijishimo vidogo vya lami na kung'ang'ania humo. Ukipoa unakakamaa, na kazi hiyo inaushinda. Asubuhi ya Julai mjini Njombe, joto likiwa nyuzi 8 au 10, pikipiki iliyolala nje inaondoka na matairi magumu kuliko yatakavyokuwa saa saba mchana. Ukipanda hadi Kitulo, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, kipindi hicho unakuta sakitu kwenye majani.

Maji yana tatizo lake. Tairi la pikipiki ni jembamba na la duara, kwa hiyo linapasua maji vizuri kuliko la gari, na kuelea juu ya maji kwa mwendo wa bodaboda ni nadra. Kinachoangusha watu ni utando mwembamba wa maji uliochanganyika na vumbi na oili. Ndiyo maana dakika za mwanzo za mvua, baada ya siku kadhaa za jua, huwa mbaya kuliko mvua iliyokwisha kuosha barabara. Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ina nyongeza: tope jekundu ambalo magari hulitoa kwenye njia za mashamba ya chai na ndizi na kulimwaga kwenye lami.

Chukua mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, kwenye lami kavu yenye mshiko mzuri breki zikikamata sawasawa unasimama ndani ya mita 9 hivi. Lami ikiloa na mpira ukiwa mgumu, mita hizo zinakaribia 16. Kwenye tope linaloteleza zinafika 30. Hapo bado hujahesabu ule muda wa kushtuka kabla mkono haujabana breki. Tairi zuri halifuti tofauti hiyo, ila linaipunguza kwa mita chache, na mita chache ndizo zinazomtenganisha mtu na nyuma ya fuso.

Aina zilizopo dukani

Kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 zinazotawala vijiwe vyetu, maduka mengi huwa na matairi kutoka India, kama MRF, CEAT na TVS, pamoja na ya China ya majina mengi. Jina lisikushughulishe sana mwanzoni. Tazama uso wa tairi, kwa maana kampuni moja hutengeneza aina zote hizi.

*La mistari.* Hili lina mifereji inayozunguka tairi zima, na huwekwa sana mbele. Kwenye lami ni tulivu, linakwenda moja kwa moja na linakaa muda mrefu. Kwenye tope mifereji hujaa, na baada ya mita chache unaendesha duara la udongo. Linamfaa anayezunguka mjini tu.

*La mchanganyiko.* Lina kashata za wastani zilizokaribiana, zenye njia za maji kati yake. Kwenye lami iliyoloa bado kuna mpira wa kutosha unaogusa barabara, na kwenye udongo kashata zinauma kiasi. Kwa mtu anayekula lami nusu na rafurodi nusu, yaani madereva wengi wa nyanda za juu, hili ndilo la kwanza kufikiria.

*La kashata kubwa.* Kashata zimeachana sana, na kwenye tope huuma kisha hujisafisha zenyewe. Tatizo linaanza ukirudi kwenye lami, kwa sababu mpira unaoigusa ni mchache, kashata hucheza ukilalia kona, na huliwa haraka. Watu huliona lina meno wakadhani ndilo la mvua. Ni la tope; kwenye lami yenye maji linazidiwa na la mchanganyiko.

*La mtumba na la kuchonga.* Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku mpira wake umezeeka na kukauka, na kwa baridi hiyo ni hatari isiyoonekana kwa macho. La kuchonga ni baya zaidi. Fundi anakata mifereji mipya kwenye tairi kipara, na kila anapokata anapunguza mpira uliobaki juu ya nyuzi za ndani ya tairi. Linapendeza kwa trafiki na kwa abiria, lakini mpira wenyewe ni ule ule uliochakaa, tena umekuwa mwembamba zaidi. Hili lisinunuliwe kwa bei yoyote.

Yapo pia, huko Ulaya, matairi ya pikipiki ya majira ya theluji, yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Hayo ni kwa nchi ambazo barabara huganda. Kwa baridi yetu hatuyahitaji. Tunachohitaji ni mpira usiokakamaa kwenye nyuzi 8, na mpira wa namna hiyo mara nyingi umechanganywa na silika (silica).

Soma ubavu kabla ya kutoa hela

Muuzaji anaweza kukueleza mengi, lakini tairi limeandikwa lenyewe. Lisimamishe, lizungushe taratibu na usome. Tuseme unakuta 3.00-17 6PR 50P.

Namba 3.00 ni upana kwa inchi, na 17 ni ukubwa wa ringi. Hizi zilingane na za pikipiki yako. Usikubali kubebeshwa la inchi 18 kwa maneno ya "linaingia tu". 6PR ni daraja la ugumu wa kuta, ambalo kwa mbeba mizigo ni bora kuliko 4PR. Namba 50 ni uzito: tairi linabeba hadi kilo 190. Kwenye la mbele la 2.75-17 unaweza kukuta 41, ambayo ni kilo 145, au 47, ambayo ni kilo 175. Herufi P ni mwendo wa juu wa kilomita 150 kwa saa, mwendo ambao Boxer yako haiujui.

Kisha tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 2423 maana yake ni wiki ya 24 ya mwaka 2023. Kwa nchi ya baridi namba hiyo ina uzito kuliko nyingine zote, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukiwa umening'inia dukani, hasa pale mlangoni panapopigwa jua kama pambo la biashara. Likizidi miaka miwili au mitatu, omba jingine au punguzo la maana. Likizidi mitano, liache.

Angalia pia mshale wa mwelekeo, kama upo, maana mifereji hutoa maji vizuri kwa upande mmoja. Fundi mwenye haraka hulifunga tairi kinyume, na hutajua mpaka siku ya mvua.

Mwisho, bonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Fanya hivyo kwa matairi mawili yaliyokaa mahali pamoja, ikiwezekana asubuhi na mapema. Ukucha ukizama kwenye moja na kuteleza juu ya jingine, umeshajua lipi litakushikia barabara saa kumi na mbili alfajiri. Si kipimo cha maabara, lakini muuzaji hawezi kukizungumza kikageuka.

Hesabu kwa kilomita

Bei hupishana duka na duka, kwa hiyo nachukua namba za mviringo kwa ajili ya hesabu tu. Wewe weka za dukani kwako. Tuseme tairi gumu la nyuma ni shilingi 45,000 na linakwenda kilomita 15,000. Hiyo ni shilingi 3 kwa kilomita. Tuseme laini na bora ni 70,000 na linakwenda kilomita 10,000, yaani shilingi 7.

Mbele mambo ni tofauti, kwa sababu tairi la mbele halisukumi pikipiki na halibebi abiria na gunia la viazi, hivyo huliwa polepole. Gumu, tuseme 40,000 kwa kilomita 25,000: shilingi 1.60. Laini, 60,000 kwa kilomita 20,000: shilingi 3.

Kwa dereva anayekwenda kilomita 100 kwa siku, magumu yote mawili yanamgharimu shilingi 460 kwa siku. Mazuri yote mawili ni 1,000. Akiweka zuri mbele na gumu nyuma ni 600. Tofauti kati ya chaguo la kwanza na la tatu ni shilingi 140 kwa siku, pesa isiyonunua hata andazi.

Shilingi 140 hizo zinakwenda mahali pake. Ukibana breki, uzito unahamia mbele, na tairi la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha, pamoja na kazi ya kuiongoza pikipiki kwenye kona. La nyuma likiteleza, pikipiki inatingisha mkia na dereva mzoefu anaweza kuirudisha. La mbele likiteleza, unakuwa chini kabla hujajua kilichotokea. Dereva aliyeanguka hivyo huapa kutogusa tena breki ya mbele, akabaki na ya nyuma pekee, na kuanzia hapo anahitaji mita nyingi zaidi kusimama. Kilichomwangusha huenda ni tairi lenye mistari mizuri lakini lililokwisha kukauka, ambalo hakuna aliyefikiria kulibadili kwa kuwa "bado lipo".

Kwa hiyo mbele usisubiri kipara. Vipimo vya kuchakaa, vile vidonge vya mpira ndani ya mifereji vinavyoonyeshwa kwa alama ya TWI, kwa pikipiki nyingi huwa na kimo cha milimita 0.8 tu. Kwa mvua za Tukuyu hapo umechelewa. Chomeka njiti ya kiberiti kwa ubavu ndani ya mfereji; isipozama, anza kuchanga.

Tyubu, tyubulesi na upepo

Tyubulesi hugharimu zaidi, lakini likichomwa na msumari hutoa upepo taratibu na huzibwa bila kufungua gurudumu, jambo la heri ukiwa mahali pa mlimani kama Isyonje, kwenye ukungu na mvua. Linahitaji ringi za sport zilizo nzima. Kwa ringi za spoku za kawaida baki na tyubu, na kila unapofunga tairi jipya funga na tyubu mpya. Ya zamani imeshatanuka na hujikunja ndani.

Upepo ni bure au karibu na bure, na unabadilisha tairi kuliko wengi wanavyodhani. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, vitabu vyake hutaja psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Thibitisha kwenye cha kwako. Joto likishuka nyuzi 5 au 6, upepo hupungua karibu psi 1. Ukijaza mchana tairi likiwa la moto, alfajiri yake unaondoka na upungufu wa psi 3 au 4. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi. Wapo wanaopunguza upepo makusudi ili kupita kwenye tope. Inasaidia, ila kwa tyubu tairi linaweza kuzunguka kwenye ringi na kung'oa vali, na ukisahau kujaza ufikapo kwenye lami, umejiongezea hatari nyingine.

Nani anunue nini

Wa mjini Mbeya au Njombe asiyetoka kwenye lami: la mistari au la mchanganyiko mbele, laini na jipya, nyuma la kawaida.

Wa lami na vijiji, kama Tukuyu au njia ya Makete: la mchanganyiko pande zote, na mbele pawe pazuri zaidi.

Wa mashambani anayebeba viazi na mbao kwenye udongo mtupu: kashata kubwa nyuma, 6PR au zaidi, na la mchanganyiko mbele. Siku akishuka mjini apunguze mwendo kwenye kona.

Kwa wote, tairi jipya lina uso wa utelezi kutoka kiwandani. Kilomita 150 za mwanzo zisiwe za haraka, na kama unaweza kuchagua, usilifunge siku ya mvua.

Lipo kundi la nne, la anayeendesha pikipiki ya mtu na kupeleka hesabu. Pale ambapo mwenye chombo ndiye anayenunua matairi, yeye hutazama litakalokaa, na hana kosa. Anayeanguka ni dereva. Usigombane na mwenye chombo kuhusu la nyuma. Mwachie achague analotaka, kisha mwombe la mbele mchangie, uongeze wewe ile tofauti ya bei. Kwa mfano wetu ni shilingi 20,000, mara moja kwa kilomita 20,000.