Kuvuka Mpaka kwa Pikipiki: Panga Kabla Hujawasha



Mavuno yakiisha, watu hupata nafasi ya kutembea. Mwaka huu vijana wanne wa kikundi chetu cha kisomo, hapa karibu na Himo, walinijia na jambo. Walitaka kwenda Kenya kwa pikipiki, siku moja tu. Wapite soko la Taveta, halafu wafuate njia za vumbi mpaka Ziwa Jipe. Walitaka kuonja mchanga na mawe, kisha warudi jioni.

"Mwalimu," mmoja akasema, "mafuta tunayo na chakula tunacho. Ya nini kuhangaika na foleni pale Holili? Njia ya ng'ombe tunaijua."

Nikamwuliza, "Pikipiki ni ya nani?"

"Ya kaka. Ndiyo inayosomesha wanawe."

"Basi ikikamatwa kwenye njia ya panya, wanawe watasomeshwa na nani?"

Akanyamaza. Hebu tuone jinsi tulivyoipanga safari ile, ili na wewe ufaidike.

1. KARATASI ZA MTU

Watanzania hatuhitaji viza kuingia Kenya. Lakini kutohitaji viza si kutohitaji hati. Chukua pasipoti. Kama huna, nenda ofisi ya Uhamiaji uombe hati ya dharura ya safari. Usingoje siku ya safari.

Wengine husema, "Kitambulisho cha taifa kinatosha." Hapana. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 kuruhusu raia wao kuvuka kwa vitambulisho. Tanzania haimo katika mpango huo.

2. KARATASI ZA PIKIPIKI

Beba leseni yako ya udereva na kadi ya pikipiki. Kama pikipiki si yako, mwenyewe akuandikie barua ya kukuruhusu kuitoa nchini. Barua iwe na jina lake, jina lako, namba ya pikipiki, tarehe na sahihi yake. Unaona faida ya kujua kuandika?

Mpakani, watu wa forodha watakuandikia kibali cha kuingiza pikipiki Kenya kwa muda. Kisome. Angalia kama namba ya pikipiki imeandikwa sawasawa, na kibali kinakwisha lini. Kitunze mpaka utakaporudi. Ukiipitisha pikipiki bila kibali, unahesabiwa kama uliyeiingiza kwa magendo, na inaweza kuchukuliwa.

3. KADI MBILI ZA NJANO

Hapa wengi huchanganyikiwa. Kuna kadi mbili, na zote huitwa za njano.

Ya kwanza ni ya afya. Inaonyesha kwamba umechanjwa homa ya manjano. Uchanjwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Tangu mwaka 2016, chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha yote.

Ya pili ni ya bima. Bima yako ya nyumbani peke yake haikulindi Kenya. Omba Kadi ya Njano kwa kampuni ya bima kabla ya kuondoka. Ukimgonga mtu huko, au ukiharibu mali yake, kadi hii ndiyo hulipa. Lakini haitengenezi pikipiki yako mwenyewe.

Basi usije ukaulizwa bima, ukatoa karatasi ya sindano!

4. MPAKANI

Holili na Taveta ni kituo cha pamoja. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja. Ukitoka Tanzania, unasimama upande wa Taveta. Hapo unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania, kisha wa kuingia Kenya. Ukirudi, unasimama Holili. Usiondoke bila kuhakikisha mihuri yote miwili ipo.

Usibebe mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na sisi tarehe 1 Juni 2019. Chukua kikapu. Kumbuka pia kwamba shilingi ya Kenya si sawa na yetu. Badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, si kwa mtu wa njiani.

5. BARABARANI

Kenya huendesha kushoto kama sisi. Lakini siku ukienda Rwanda au Burundi, huko ni kulia.

Sheria ya Kenya inataka dereva na abiria wavae helmeti na kizibao kinachong'aa, wengine hukiita rifleta. Abiria ni mmoja tu. Mishikaki hairuhusiwi.

6. NJIA YA VUMBI

Lami ikiisha, mwendo nao ubadilike. Kwenye mchanga usikamate breki ya mbele kwa ghafla, maana gurudumu litateleza na utaanguka. Vuta mafuta kwa kiasi, bila kuachia na kuvuta tena. Kwenye mawe, simama juu ya vikanyagio na ulegeze magoti kidogo, ili miguu ibebe mtikisiko badala ya mgongo.

Msifuatane karibu, kwa sababu vumbi la wa mbele humpofusha wa nyuma. Mkifika njia panda, wa mbele asubiri mpaka amwone anayemfuata. Hivyo hapotei mtu.

Bebeni pampu, tyubu, viraka na gundi, spana, plagi na maji ya kunywa.

Eneo la Taveta limepakana na Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Tembo hutoka humo. Ukimwona, simama mbali, usipige honi, rudi ulikotoka. Usiingie hifadhini na pikipiki. Ziwani kuna viboko na mamba, kwa hiyo usioge.

7. HESABU YA MAFUTA

Tuseme safari yote ni kilometa 120. Kwenye lami pikipiki inakwenda kilometa 40 kwa lita 1. Kwenye mchanga inakula zaidi, kwa hiyo hesabu kilometa 30.

120 kwa 30 = lita 4. Ongeza lita 2 za akiba. Jumla lita 6.

8. HESABU YA SAA

Hii ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Watu hupanga kwenda, hawapangi kurudi. Tuliandika ubaoni:

Saa 12 asubuhi: kuondoka.
Saa 1 hadi saa 3: mpakani.
Saa 8 mchana: kugeuza, popote tulipo.
Saa 10: mpakani tena.
Saa 12 jioni: kila mtu kwake.

Giza likikukuta kwenye vumbi, huoni shimo, huoni tembo, na njia ya panya huanza kukuita. Kabla ya kuondoka, uliza pia saa za kazi za kituo, na mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye njia yenu na saa ya kurudi.

WALIKWENDAJE?

Safari iliahirishwa wiki tatu. Wawili hawakuwa na hati, na mmoja hakuwa na barua ya kaka yake. Walinung'unika, lakini walizitafuta.

Siku ilipofika walivuka salama. Njiani kuelekea ziwani tairi moja ilitoboka, na kuiziba kukawachukua zaidi ya saa nzima. Saa 8 ikawakuta hawajafika. Ziwa wakaliona kwa mbali tu, linang'aa chini ya milima ya Upare. Wawili wakataka kuendelea. Yule wa njia ya ng'ombe akasema, "Tuliandika saa 8. Tugeuze." Wakageuza.

Jioni alimrudishia kaka yake pikipiki kabla jua halijazama. Ziwa halihami. Watalikuta mwakani.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kadi mbili za njano zina kazi gani?
2. Andika barua ya kumruhusu ndugu yako kuvuka mpaka na pikipiki yako.
3. Safari ni kilometa 90 za vumbi. Utahitaji lita ngapi, pamoja na akiba ya lita 2?
4. Je, vijana wale walifanya vizuri kugeuza kabla ya kufika ziwani? Kwa nini?